Nyumba ya Tembe ya Mpiga Roki

Mume wangu anapiga roki. Ukimwambia hivyo mtu wa mjini anacheka, anadhani bibi amechanganya mambo, labda alitaka kusema mumewe anapiga ngoma. Hapana. Roki. Gitaa la umeme, jekundu, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea, na likianza kukoroma kuku wangu wote wanakimbilia nyuma ya choo. Alianza kabla sijamjua, na leo mvi zimejaa kichwa kizima, bado anapiga. Hana bosi. Anatunga mwenyewe, anapiga mwenyewe, anarekodi mwenyewe, na wengine wanakuja anawarekodi. Vijana wanamwita prodyuza. Mimi namwita mzee, na akiniudhi namwita Rudia.

Rudia ndilo neno lake. Wewe imba mbele ya maiki yake vizuri kama malaika, yeye atainamisha kichwa, atafikiri, halafu atasema, "Rudia." Watoto wetu wamekua na neno hilo. Mtoto anasali kabla ya kula, baba anafumbua macho: "Rudia, hapo kwenye amina umekimbia." Hata siku niliyomkubali mimi… lakini huko nitafika.

Ninachotaka kusimulia ni nyumba yake ya kurekodia, jinsi mwaka jana ilivyobaki kidogo tu ibomolewe, na albamu yake ikiwa nusu humo ndani. Ni nyumba ya tembe. Kama hujakaa huku kwetu Singida, tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo, na juu hakuna bati wala nyasi. Ni miti imelazwa, halafu udongo, paa bapa kabisa, unaweza kuanika mtama juu yake. Fupi, ya giza, mlangoni lazima uiname. Siku hizi watu wanaionea aibu.

Aliyetaka kuibomoa ni mwanetu wa kwanza. Usimchukie, subiri kwanza.

Mimi kwetu ni upande wa Nduguti. Zamani hizo Nduguti haikuwa na hizi ofisi zinazong'aa, ilikuwa mnada na vumbi. Nilikuwa msichana, nimekwenda na baba kuuza kuku. Akatokea kijana na baiskeli. Nyuma amefunga betri ya lori kwa mpira, mbele spika, mgongoni gitaa. Alikuwa anachimba dhahabu Sekenke, na hilo gitaa alilipata kwa bendi moja ya dansi iliyokufa pale mjini Singida. Akaunganisha waya zake karibu na wauza mbuzi, watu tukajaa kumtazama.

Sasa ile spika njiani ilikuwa imegonga jiwe, imechanika. Akapiga uzi mmoja. Wewe! Ikatoka sauti ya kukoroma, nene, inatetemeka mpaka tumboni. "Lori linapandisha mlima Sekenke!" mzee mmoja akapiga kelele, na watu wakavunjika mbavu. Mbuzi wawili wakakata kamba. Mwenye mbuzi akaja na fimbo. Kijana wala hakukimbia. Alisimama anaitazama spika yake kama mtu aliyeletewa zawadi.

Baadaye akaniambia kwa nini. Alikuwa na redio ya mbao kule machimboni, anatafuta stesheni za mbali, na sauti ile alikuwa akiisikia humo, hajui wenzake wanaitoa wapi. "Kumbe iko kwenye spika iliyochanika," akasema. Mpaka leo akipata spika mpya anaitoboa kidogo. Fundi wa redio mjini alimwona siku moja akifanya hivyo, nusura alie.

Lakini pale mnadani mimi nilicheka mpaka kuku mmoja akanitoka mkononi. Akamkimbiza yeye, akamkamata.

"Shika kuku wako, dada."

"Na wewe shika lori lako," nikamwambia.

Basi ndivyo tulivyoanza.

Alipokuja nyumbani kuniposa, baba akamwuliza, "Kijana, unafanya kazi gani?"

"Napiga gitaa, baba."

"Nimekuuliza kazi."

"Nachimba dhahabu pia."

"Haya, hiyo ni kazi, ingawa nayo ni ya wendawazimu."

Nikaitwa mbele ya wazee, nikaulizwa kama namkubali. Nikasema kwa sauti ndogo, macho chini, nimekubali. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Rudia." Baba alitaka kumtoa nje na posa yake! Lakini nikarudia, na safari hiyo hata majirani walisikia.

Tukahamia kwao, huku upande wa Ikungi. Machimbo akayaacha, tukawa tunalima mtama na alizeti, mimi na kuku wangu. Gitaa hakuliacha. Alikwenda Dar es Salaam safari moja, mtu mwenye studio alikuwa amemwita. Akaambiwa, sauti unayo, nyimbo unazo, lakini huo mkoromo utoe, weka kinanda, imba mapenzi. Akarudi na gitaa lake mgongoni.

"Imekuwaje?" nikamwuliza.

"Wanataka niimbe kama mtu aliyeshiba."

"Kwani hujashiba?"

"Nimeshiba. Lakini sitaki kuimba hivyo."

Nikacheka, nikampakulia ugali. Ukweli nilifurahi. Nyimbo zake ni za huku. Zinasema upepo unaopeperusha mbegu, ng'ombe waliopotea, wachimbaji waliobaki chini. Nusu Kinyaturu nusu Kiswahili. Ungeweka kinanda wapi humo?

Akaamua atarekodi mwenyewe. Akapata redio ya kaseti, ile yenye kitufe chekundu. Mara ya kwanza alirekodia kwa kaka yake, mtu wa kwanza kuezeka bati pale kijijini, wanaringa nalo. Mvua ikaja katikati ya wimbo. Tuliposikiliza ile kaseti ilikuwa mvua upande wa kwanza, mvua upande wa pili, na mtu mmoja anapiga mayowe kwa mbali kama amesombwa na mto.

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa anaishi kwenye tembe yake, akasema, "Mbona mnahangaika? Njooni kwangu." Mzee akaingia, akasimama katikati, akapiga kofi mara moja. Haukurudi mwangwi wowote.

"Mama," akasema, "hii nyumba imenyamaza."

"Imenyamaza tangu baba yako afe. Kaa ule."

Kaseti ya kwanza ikatokea humo. Mama mkwe akaambiwa akae pembeni asikohoe. Maskini, alijibana, akajibana, akaja kukohoa kabla ya ubeti wa pili. Nikangoja kusikia Rudia. Mzee akaendelea kupiga. Na mama mkwe alipofariki, kile kikohozi ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Unaona sasa. Tembe ile si kuta tu.

Kaseti tuliuza wenyewe minadani, upande huu kaseti, upande huu kuku. Mtu anakuja, "Mama, nikinunua kuku napewa na kaseti?" Namjibu, "Nunua kaseti, nikupe kuku asiyetaga." Kaseti zikafa, zikaja sidii. Sidii nazo zikafa, sasa ni simu, mtu anakuja na simu yake anawekewa nyimbo. Mzee wangu amepita huko kote. Paneli za sola kazilaza pale uani, kompyuta iko pale mama mkwe alipokuwa anaweka mtungi.

Na watu wakaanza kuja. Kwaya ya kanisani kwetu ilikuja, ile ile iliyomkataa ujanani eti gitaa lake linamkoromea Mungu. Walikuja watoto wa madrasa kutoka mjini na kaswida zao. Mwalimu wao alivua viatu mlangoni, na tangu siku hiyo kila mtu anavua. Walikuja vijana kutoka Mitundu na zeze zao, wakakaa kwetu karibu wiki nzima, wakanimalizia viazi vyote. Asiye na kitu alirekodiwa hivyo hivyo. "Utanikumbuka," mzee anamwambia, halafu, "Rudia."

Sasa nirudi kwa mwanangu.

Anafanya kazi Dodoma, mtoto mwema, ana gari. Lakini kila akija akiingia kwa baba yake anagonga paji la uso kwenye kizingiti. Na nguzo ya kati mchwa walikuwa wameila, udongo umeanza kudondoka mpaka juu ya kompyuta. "Mama, hii nyumba itamwangukia baba," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya hofu kweli. Tena watu walikuwa wanamsema: kijana ana gari, wazazi wake wako chini ya udongo. Kwetu mtoto akipata ndiyo hivyo, kwanza anajengea wazazi. Akaleta matofali, akaleta fundi, akaleta bati jekundu. Nyumba ikasimama ubavuni mwa tembe, nzuri, ina vigae, ina madirisha unaweza kupitisha ndama.

"Baba," akasema, "studio utahamishia chumba cha mbele. Tembe tutaiangusha kabla ya mvua."

"Ahsante, baba," mzee akamjibu. Akaingia kwenye tembe, akakaa na gitaa bila kuliwasha.

Nikamfuata. Ndiyo hapo akaniambia. Vidole vimeanza kukakamaa, asubuhi mpaka avichovye kwenye maji ya moto. Albamu hii ndiyo anaona ataipiga yote kwa mkono wake mwenyewe, zinazofuata wacha wapige wengine. Alitaka itoke humo humo, mahali ile ya kwanza ilipotoka. Nusu alikuwa ameshamaliza.

"Basi mwambie mwanao," nikasema.

"Mtoto amenijengea nyumba. Nimwambie nini? Kwamba sitaki?"

Na kweli, hilo halisemeki. Nyumba ya mwanao haikataliwi. Ukikataa umemvua nguo mbele ya watu. Mzee angekaa kimya mpaka ukuta wa mwisho uanguke.

Mimi shule nimesoma kidogo sana, lakini kuku nimefuga, na kuku unampeleka unakotaka kwa kumtupia punje moja moja. Nikamwendea mwanangu. "Baba," nikamwambia, "kabla hujabomoa, msaidie mzee ahame. Arekodi wimbo mmoja huku kupya, wewe umshikie mashine. Uvae vile vya masikioni usikie kama mambo yako sawa." Akafurahi! Akabeba maiki mwenyewe.

Ilikuwa mchana, jua kali, upepo wetu ule wa kiangazi unapita. Mzee akakaa katikati ya chumba kipya, amevaa shati safi kama anakwenda kanisani. Mwanangu akavaa hedifoni, akabonyeza. Mzee akaanza taratibu.

Bati likasema, "Ta!"

Mwanangu akashtuka. "Nini hicho?"

"Bati linapata joto," nikasema. "Endeleeni tu."

Wakaanza tena. Ta! Halafu tatata. Halafu kra, kra, kra, mtu anatembea juu.

"Nani anatembea?" mwanangu akauliza, hedifoni mkononi.

"Jogoo," nikasema. Alikuwa amerukia paani kutoka kwenye kuni. Sikumtuma mimi, haki ya Mungu, ila sikuharakisha kumfukuza.

Wakaanza tena. Upepo ukaingia chini ya bati, likaanza kuvuma huuu. Na vigae vile, sauti ya mzee inagonga inarudi, kama anaimba yuko kisimani. Mwanangu alikuwa amefumba macho, uso umekunjamana. Baba yake akamwona. Akaliweka gitaa chini polepole, akasema kwa upole kabisa, "Inafaa tu, baba. Tutazoea."

Nadhani kile kitu kilimuuma mtoto kuliko kama angegombezwa. Akachukua maiki, akachukua waya, akatoka nje, akainama mlangoni mwa tembe. Safari hiyo hakugonga kichwa. Akapanga kila kitu, akaita, "Baba, njoo upige ule ule."

Nilisimama mlangoni. Mzee akapiga. Nje upepo unapiga mabua, humo ndani hakuna kitu, ni wimbo tu. Mwanangu amekaa chini kwenye udongo na suruali yake ya ofisini, hedifoni masikioni, hatikisiki. Wimbo ukaisha. Akasema, "Nasikia vidole vyako vinagusa nyuzi." Akavua hedifoni. "Bibi alikohoa amekaa wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa," baba yake akamwambia.

Mtoto akauangalia ule udongo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, hii nyumba haibomolewi."

Mzee akainamisha kichwa. Akafikiri. "Rudia."

"Haibomolewi!" akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia, na mzee akafungulia gitaa, lori likapanda mlima, na mimi pale mlangoni nikawa nacheka na kulia pamoja kama mtoto mdogo.

Lakini mchwa hawajui nyimbo. Nguzo ilikuwa bado imeliwa na mvua inakuja, na fundi wa yule mtoto akasema yeye tembe hajui hata inaanzia wapi. Nikamweleza wifi yangu, dada wa mzee, mambo yote mpaka ya jogoo, maana paa la udongo wanalijua wanawake wa umri wetu. Wifi akawaambia wanakwaya. Mtu mmoja wa kwaya akapiga simu Mitundu. Siku hiyo tuliyopanga, asubuhi nachota maji, nasikia trekta. Wale vijana wa zeze! Sasa wana ndevu na watoto, na kwenye tela wamepakia nguzo za mti mgumu, kibali chao cha kijiji kiko mfukoni. "Shikamoo bibi," wakasema, "safari hii viazi tumekuja navyo." Na kweli walikuja na gunia. Mwalimu wa madrasa akatuma vijana wake wenye nguvu. Mzee akasimama uani anawatazama, anafunga na kufungua ile mikono yake.

Wanaume wakatoa nguzo mbovu wakaweka mpya. Halafu ikaja zamu yetu. Udongo unachanganywa na maji na pumba ili usipasuke ukikauka, unapandishwa juu kwa karai, halafu mnaukanyaga. Mnakanyaga pamoja, mguu mmoja, na wimbo, kwa sababu bila wimbo kila mtu anakanyaga kwake na paa linakuwa na mabonde. Wifi alileta gunia la pumba za alizeti kutoka kwake, akamimina lote mwenyewe, huku anaimbisha.

Tukapanda. Wazee watupu, matope mpaka magotini, tunaimba tunakanyaga, du, du, du-du. Mara mzee akatoka ndani mbio, hedifoni shingoni, ananyoosha mikono. Kumbe alikuwa ameweka maiki chini yetu!

"Rudieni!" akasema.

"Turudie nini?" wifi akamwuliza kutoka juu.

"Hivyo hivyo, mguu! Ndiyo ngoma yangu hiyo! Miaka yote naitafuta!"

"Wifi," wifi akaniambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "mwambie mumeo apande arudie yeye na hicho kiuno chake."

Tulicheka, lakini tulirudia. Tukarudia mpaka jua likaanza kushuka, mpaka paa likawa gumu kama barabara. Yule fundi wa nyumba mpya aligonga kwa kisigino, akatikisa kichwa, akasema hajawahi kuona udongo umeshindiliwa namna hiyo. Hakujua prodyuza ni mtu wa namna gani.

Mvua zikaja. Halikuvuja tone. Mzee humo ndani anamalizia albamu, mimi kwenye nyumba mpya nalala kitandani nasikiliza bati, naipenda, sitaki uongo. Baada ya muda natoka asubuhi na ufagio, naangalia juu ya tembe, naona kijani. Nikasema ni majani tu. Siku zikasonga, majani yakapanuka. Nikamwita wifi.

"Wifi, lile gunia lilikuwa la nini?"

"Pumba."

"Pumba zinaota?"

Akatazama juu. Akaondoka mbio kwenda kwake, na gunia la pumba akalikuta limeegemea ukuta pale pale. Mbegu za alizeti alizokuwa amezichagua mwenyewe, punje kwa punje, za kupanda shambani, tulikuwa tumezikanyagia juu ya studio kwa wimbo! Aliketi chini akacheka mpaka khanga ikamvuka. Mwanangu kwa simu akasema zing'olewe. Mzee akakataa, ukizing'oa zinainua udongo, paa litatoboka. Ziachwe zikomae, zikatwe juu juu.

Basi zikachanua. Si ndefu, udongo wenyewe mwembamba, lakini paa zima njano, linageuka na jua. Watu walikuwa wanasimamisha pikipiki barabarani. Mwanangu alikuja Pasaka, akampiga baba yake picha na gitaa jekundu mbele ya nyumba, maua juu ya kichwa, na ndiyo picha ya albamu. Tukaisikiliza kwenye gari lake, milango wazi, kijiji kizima uani. Miguu yetu imo humo, du, du, du-du, na juu yake lori linapanda. Nilimshika wifi mkono. "Huo mguu wangu," akasema. "Wako ule unaochelewa."

Maua yakakauka. Juzi wifi kaja na mundu kuchukua mbegu zake, kapanda juu kwa ngazi, anakata vichwa, hana habari kama mzee yuko ndani na kwaya ya vijana, taa nyekundu ya kurekodi imewaka. Mzee katokeza kichwa mlangoni.

"Nani anatembea huko juu?"

"Jogoo!" wifi akamjibu.